Aksanti, Papa wa jenereta

Papa, jina lako sikuuliza. Uliondoka na bidoni yako tupu ya mafuta kana kwamba hukufanya kitu. Sasa albamu yangu ya kwanza imetoka: nyimbo tisa, naimba na kupiga gitaa mwenyewe, pop na jazi juu ya midundo ya kwetu na ya ng'ambo.

Usiku ule kule Kenya (mtaa wetu wa Lubumbashi, si nchi!) umeme ulikatika katikati ya wimbo wa nne. Ulileta jenereta, ukaificha nyuma ya ukuta ili mngurumo usiingie kwenye maikrofoni, ukavuta waya hadi dirishani. Mafuta ulilipa wewe.

Lakini kubwa ni gitaa. Ulisikiliza, ukacheka: "Mtoto, vidole vyote hivyo vya nini?" Ukanionyesha upigaji wa Jean Bosco Mwenda, yule wa Katanga aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952: gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba. Akodi zangu za jazi zikapata pa kukaa. Wimbo wa nne nikaurudia wote.

Nakala yako nimeiacha kwa mama muuza makala (makaa), pale kona. Na bukari, ugali wetu, inakungoja kwetu.