Barua kwa Mwanangu Aliye Detroit: Gari Jeusi la Askari Qualls

Mwanangu Neema,

Marahaba. Huku Tanga sote wazima. Mama yako anakusalimu na anauliza kama hilo koti ulilonunua linatosha kwa baridi ya huko.

Uliniandikia kwamba basi lako la asubuhi linafuata barabara ya Woodward. Basi nikuambie habari za gari moja lililopita hapo usiku kabla hujazaliwa. Katika magari yote ya Marekani niliyoyasoma, hili ndilo ambalo habari za wamiliki wake zimenigusa zaidi, na ningependa uzijue ukiwa bado unaishi katika mji wake.

Ni Dodge Challenger R/T SE ya mwaka 1970, jeusi; R/T ni toleo la nguvu, SE ni la anasa. Mwenyewe aliitwa Godfrey Qualls, Mmarekani Mweusi aliyewahi kuwa askari wa miavuli, kisha akawa polisi wa pikipiki hapo Detroit. Mwishoni mwa 1969 alikwenda kwa wauzaji walioitwa Raynal Brothers, na badala ya kuchukua gari lililokuwa limeegeshwa uwanjani akaagiza la kwake, akichagua kitu kimoja kimoja. Alitaka injini ya Hemi ya lita 7 yenye silinda nane na kabureta mbili, gia nne za mkono, na difu nzito ya kuhimili nguvu hizo. Mtu mwenye haraka angeishia hapo. Yeye akataka pia mapambo ya toleo la SE: kioo cha nyuma kidogo, na paa lililofunikwa ngozi bandia yenye magamba ya mamba. Mkiani likapigwa mstari mweupe.

Wewe umesoma fizikia, utanielewa kuhusu injini hiyo. Chumba cha mwako kina umbo la nusu tufe, valvu zimeelekeana pande mbili na plagi imekaa katikati, kwa hiyo hewa inaingia na moshi unatoka bila kubanwa. Kiwanda kiliandika nguvu za farasi 425. Mafundi wengi wa Marekani wanaamini kiliandika pungufu, nami naungana nao.

Injini hiyo peke yake iliongeza karibu dola 780 kwenye bei, na bima ya magari ya aina hii ilikuwa imeshaanza kuwashinda vijana. Ndiyo maana yakawa adimu. Za mwaka huo wa 1970 zilitengenezwa Challenger zaidi ya 76,000. Za R/T SE zenye Hemi zilikuwa 60 tu, na kati ya hizo zenye gia nne za mkono ni 23. Mwaka 1971 ukawa wa mwisho kwa Hemi hiyo.

Sasa fikiria mji wenyewe. Julai 1967 Detroit iliwaka moto, watu 43 wakafa, na chanzo cha yote kilikuwa polisi kuvamia baa ya Weusi usiku. Miaka miwili na ushee baadaye kijana Mweusi wa mji huohuo, mwenye kazi ya polisi, anaagiza kwa fedha zake gari lenye nguvu kuliko karibu kila kitu barabarani. Mimi naona hapo fahari ambayo hakumtangazia mtu yeyote. Aliipeleka barabarani.

Ndiyo, mwanangu, alipiga ligi. Woodward usiku wa miaka ile ilikuwa uwanja wa vijana wenye magari ya nguvu, na viwanda vilikuwa karibu hata wahandisi wake wakaja kujipima. Gari jeusi lingetokea, likashindana, likashinda, likaondoka bila dereva kushuka wala kupiga soga. Halafu lisionekane kwa wiki au miezi. Watu wakaliita Black Ghost, mzuka mweusi. Sababu ya kujificha ilikuwa wazi kabisa: polisi akikamatwa kwenye ligi angepoteza kazi, na kazi ile ndiyo iliyolipia gari. Sikuhadithii haya ili umwige. Ligi inaua, na ilishaua wengi kwenye barabara hizo.

Kufikia katikati ya miaka ya 1970 akaacha. Akawa na familia, gari likaingia gereji ya nyumbani, likakaa humo miongo. Bei za magari ya Hemi zilipanda, zikafika mahali ambapo mshahara wa polisi haufiki, naye hakuuza. Wala hakulipaka rangi upya. Wengi waliokuwa na magari kama hayo walibadilisha injini, wakakata bodi, wakauza vipande. Lake lilibaki na injini yake, na rangi ile iliyotoka nayo kiwandani, pamoja na kutu na mikwaruzo yake.

Kuna jambo ambalo fundi yeyote anayejua magari ya zamani atakuambia kabla ya kugusa boneti: nionyeshe karatasi. Chini ya boneti ya Dodge ya wakati ule kuna kibati chenye herufi na namba za vitu vilivyoagizwa. Sehemu ya namba ya chesisi nayo imerudiwa kwenye injini na giaboksi, ili ijulikane kwamba zilizaliwa pamoja. Ukiwa na kadi yenye jina la mmiliki wa kwanza, na huyo mmiliki ndiye bado analo, hapana anayeweza kukubishia. Huku kwetu unajua ilivyo: gari linapita mikono ya watu wanne, na kadi bado ina jina la yule wa kwanza ambaye hata simu yake haipatikani. Qualls alitunza karatasi zake sawa na alivyolitunza gari.

Alifariki tarehe 24 Desemba 2015. Kabla ya hapo alimkabidhi mwanawe Gregory gari pamoja na karatasi zake. Kijana akaliwasha tena, akalipeleka kwenye maonyesho, na wazee waliosimama Woodward wakiwa vijana wakajua hatimaye aliyewashinda ni nani. Mwaka 2020 likaingizwa kwenye rejista ya taifa ya magari ya kihistoria, ambayo kumbukumbu zake huhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Dodge wenyewe wakatengeneza Challenger 300 za mwaka 2023 kwa heshima yake, nyeusi, zenye mfano wa paa lile la mamba.

Mei 2023 gari likapigwa mnada Indianapolis. Pamoja na ada ya mnada lilifika dola 1,072,500.

Wapo waliomlaumu kijana kwa kuuza. Mimi simlaumu. Baba yake alilitunza, yeye akalifufua na kulipatia jina la baba yake mahali pa heshima. Urithi ni wa anayerithi. Nimelifikiria hili sana kwa sababu ya Land Rover ya babu yako. Najua unadhani nitakuapisha usiiuze. Sitakuapisha. Kadi yake nilishaibadilisha jina, na risiti ya mnada ambako babu yako aliinunua, pamoja na risiti za vipuri vyote nilivyofunga, ziko kwenye bahasha ya kaki ndani ya sanduku la mama yako, chini ya vitenge. Siku ikifika, wewe na kaka yako mtaamua wenyewe. Ila asije dalali akawaambia ni chuma chakavu. Mwonyesheni karatasi kwanza.

Jumamosi ya tatu ya Agosti kuna msafara mkubwa wa magari ya zamani hapo Woodward, ulioanza 1995. Nenda. Ukimwona mtu amekaa kando ya Challenger ya 1970, msalimie vizuri, mwombe afungue boneti, unipigie picha ya kile kibati. Usipige picha ya gari tu kama wafanyavyo wengine. Nataka kuzisoma zile namba.

Ni mimi baba yako.