Kwa Furaha, kuhusu kipindi chako cha redio cha mvua

Bukavu, Jumapili jioni

Dada Furaha,

Jambo sana. Watoto hawajambo? Huku Kadutu tuko salama, umeme tu ndio unatusumbua, na Papa Déo kila siku anauliza utakuja lini.

Espérance ameniambia umepewa kipindi cha mafuriko, na jina umeshakipa: "Tabianchi inaua". Dada, ngoja kwanza. Kumbuka mafuriko ya Kalehe, huku kwetu Kivu Kusini, tarehe 4 Mei 2023. Watu zaidi ya 400 walikufa katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na habari nyingi nilizosikia zilimalizwa na neno hilo moja, tabianchi, basi. Mwezi uliofuata wanasayansi wa World Weather Attribution walisema vipimo vya mvua kandokando ya Ziwa Kivu ni haba mno, hawawezi kujua joto la dunia lilichangia kiasi gani. Hawakusema halikuchangia. Hapo ndipo wengi wetu tunateleza.

Sema bila woga kwamba dunia imepata joto zaidi ya digrii 1, na kwamba kila digrii inaipa hewa nguvu ya kubeba mvuke zaidi, kama asilimia 7. Lakini uliza pia: Nyamukubi ilikuwa Alhamisi, siku ya soko. Kwa nini soko na nyumba viko kwenye njia ya maji? Miti ya milimani imekwenda wapi? Nani alipaswa kuwaonya watu? Tukiitupia hewa lawama zote, wenye wajibu wanalala usingizi.

Tena, tafadhali, usifanye kama yule aliyemsogezea mama kipaza sauti mdomoni wakati bado anachimbua tope kumtafuta mtoto wake. Nilizima redio. Omba ruhusa, mngoje, halafu umwulize alichoona: mawe yalianza kushuka saa ngapi, mto ulibadilika rangi lini, mwaka huu amepanda maharage wapi. Yule mama anaujua mlima ule kuliko sisi sote.

Sasa niambie: mkuu wako atakupa nauli ya kufika Kalehe, au anataka usome taarifa za watu ofisini? Umempata mtu wa hali ya hewa anayeongea Kiswahili cha kueleweka? Nikutafutie mwalimu wa jiografia hapa ISP, chuo cha ualimu? Jina la kipindi bado linaweza kubadilishwa? Na utanitumia sauti kwa WhatsApp kabla hakijapita hewani?

Ndugu yako,
Amani