Msinunue betri kabla gari halijapimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye magari wa hapa Tabora, na mafundi wenzangu pia. Gari lisipowaka asubuhi, mita ya kupimia umeme itoke kwenye boksi la spana kabla pesa haijatoka mfukoni. Siku hizi ni kinyume chake. Gari likigoma, inanunuliwa betri. Likigoma tena, inafungwa stata, ile mota inayozungusha injini iwake, ya mtumba. Likiendelea, mwenye gari anaambiwa kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Mwisho wa safari kosa linakutwa kwenye terminali (kibano cha waya kwenye betri) iliyolegea, kazi ya dakika moja kwa spana namba 10.

Swali la kwanza kwa dereva ni hili: stata inazunguka au haizunguki? Gari lililokaa kimya na gari linalopiga stata mpaka linachoka bila kuwaka yana matatizo mawili yasiyo na undugu. Kama stata inazunguka kwa nguvu ile ile ya kila siku, betri haihusiki, na muuza betri asisumbuliwe.

Tuanze na stata isiyozunguka, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapotea. Sikiliza mlio. Ukisikia ta-ta-ta-ta ya haraka na taa za dashibodi zinafifia, umeme unaofika hautoshi: ama betri imeshuka, ama njia imeziba. Ukisikia mlio mmoja mzito, ko, na taa hazishtuki, solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye stata) imevuta ila kontakti za shaba zilizo ndani yake zimelika. Ugonjwa huu umezoeleka kwenye Toyota. Hubadilishwa kontakti na plunja yake tu, stata yenyewe inaendelea na kazi. Anayeigonga kwa nyundo mpaka ikazunguka hajatengeneza kitu. Ameonyesha tu kwamba brashi au kontakti zimefika mwisho, na kesho itagoma tena, pengine ukiwa katikati ya pori la Ipole. Mlio mmoja unaoambatana na taa kuzimika kabisa ni dalili ya stata iliyokwama, injini iliyokamata, au terminali iliyoshika kwa ncha tu.

Kimya kabisa huku taa zote zinawaka vizuri? Kwa gari la otomatiki, weka gia kwenye N ujaribu tena. Likiwaka, swichi ya gia inakudanganya kwenye P. Kwa gari la kitufe, mwambie mtu asimame nyuma ya gari atazame taa za breki unapokanyaga pedali. Zisipowaka, gari halijui kwamba umekanyaga na halitaruhusu stata. Kama taa ya breki na gia ni salama, ndipo ufuate fyuzi, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) na swichi ya ufunguo.

Sasa betri. Ipimwe asubuhi baada ya gari kulala. Kama limetoka barabarani muda si mrefu, washa taa kubwa dakika mbili, zima, halafu pima, la sivyo mita itasoma umeme wa juujuu. Volti 12.6 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 kwenda chini imeisha. Betri iliyoisha si lazima iwe imekufa. Ichajiwe kwanza, ndipo ipimwe huku mtu anapiga stata. Ikiwa na chaji ya kutosha isishuke chini ya 9.6. Iliyoanza na 12.6 ikaanguka hadi 7 stata inapoguswa imechoka ndani. Lakini ikibaki 12 na ushei huku stata haisogei, au inanguruma tu kinyonge, betri haina kosa: umeme hautoki, kuna mahali umezuiwa. Kipimo hiki kimoja kingeokoa betri nyingi zinazotupwa zingali na maisha.

Kizuizi hicho hutafutwa kwa mita hiyo hiyo. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea 100 hadi 200. Kwa ampea 150, ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu unakula volti 1.5, na ukinzani mdogo hivyo jicho halitauona. Terminali inaweza kung'aa juu na kuwa na ukoko ndani. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chenyewe cha betri, kile cha risasi, na nyingine kwenye terminali iliyokibana. Piga stata. Ikizidi volti 0.1, fungua usafishe. Kisha ncha moja kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Hapo ikifika nusu volti, waya wa hasi unaoshuka kwenye injini umeoza au boliti yake imeshika kutu. Dalili nyingine ya waya huo ni kebo ya akselereta au ya gia kupata moto wakati wa stata: umeme umekosa njia yake na unarudi kupitia hapo.

Kusafisha si kazi kubwa. Anza kufungua hasi, malizia kufunga hasi, ili spana ikigusa bodi isipige shoti. Unga mweupe au wa kijani humwagiwa maji ya uvuguvugu yenye magadi ya kuokea, unaachwa utoe povu, unasuguliwa kwa brashi ya waya, unasuuzwa na kukaushwa. Msasa upite kichwani na ndani ya terminali. Grisi ipakwe mwishoni, juu, baada ya kukaza.

Joto letu lina sehemu yake. Septemba na Oktoba, betri za kufunguliwa vifuniko hupoteza maji haraka na bamba zikibaki nje zinaharibika moja kwa moja. Ongeza maji ya betri mpaka kwenye mstari wa juu. Maji ya kisima yana chumvi, na asidi haiongezwi kwa sababu kinachokauka ni maji peke yake. Mwenye haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya asidi, apime kila seli: iliyojaa husoma karibu 1.26. Tano zikiwa hapo na moja ikasoma 1.15 hata baada ya kuchajiwa, seli hiyo imekufa, na hapo ndipo betri mpya inastahili kununuliwa.

Wapo wanaonunua betri mpya na wiki hiyo hiyo gari linalala tena. Hao wapime umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Mita iwekwe kwenye tundu la ampea 10, ifungwe kati ya kichwa cha hasi na waya wake, milango ifungwe, usubiri nusu saa ili kompyuta za gari zilale. Kawaida ni ampea 0.05 au chini. Kitu kinachovuta 0.5 kinakula ampea 12 za saa kwa siku, na betri ya ampea 45 za saa haitamaliza siku ya nne. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Mara nyingi mshitakiwa ni redio iliyofungwa upya, kamsa, kifaa cha kufuatilia gari, au taa za ziada zilizounganishwa moja kwa moja na betri. Onyo: usipige stata mita ikiwa imefungwa hivyo, utaunguza fyuzi yake.

Mafundi wenzangu, mchezo wa kuchomoa terminali injini ikiwa inaunguruma ili kuona kama altaneta inachaji tuuache. Betri ikitolewa ghafla, volti hupanda kwa kishindo na zinaweza kuua kontroli boksi. Mita inasema yote bila hatari: injini ikiwaka, volti 13.8 hadi 14.5 pale betrini, altaneta ni nzima.

Kubusti, yaani kuwasha gari kwa betri ya gari jingine, nako kuna utaratibu. Ncha nyekundu ya waya kwenye chanya ya betri iliyolala, nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri, kwa sababu cheche hutokea pale na betri hutoa gesi inayolipuka. Malori yanayobeba tumbaku yana volti 24. Usiyaombe msaada kwa IST au Noah yako, hata dereva akiwa ndugu yako wa damu.

Upande wa pili ni gari linalopiga stata bila kuwaka. Usipige zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Pumzisha angalau nusu dakika, stata inaungua. Weka ufunguo kwenye ON, usikilize siti ya nyuma: kwenye magari mengi pampu ya mafuta hunguruma kama sekunde mbili. Isiponguruma, angalia fyuzi na rilei yake. Ikiwa rilei ya honi ni ya namba ile ile, zibadilishane ujaribu. Taa ya ufunguo ikiwaka au kumeta kwa namna isiyo ya kawaida, gari halitambui ufunguo, na si pampu wala plagi itakayosaidia. Kwa ufunguo wa kitufe wenye betri iliyoisha, ugusishe kwenye kitufe chenyewe huku umekanyaga breki.

Gari linalozima likipata moto na kuwaka likipoa, mshukiwa wangu wa kwanza ni sensa ya krankshafti, inayosoma mzunguko wa injini. Ikifa, kwenye magari mengi mshale wa mizunguko hausogei kabisa wakati wa stata. Harufu kali ya petroli inaonyesha plagi zimelowa: kanyaga akselereta mpaka chini upige stata, kompyuta hukata petroli na mitungi ikakauka.

Stata ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama injini haina kitu ndani, acha hapo hapo. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kwa injini ambazo valvu na pistoni hukutana, kila unavyozidi kuizungusha unaongeza valvu zilizopinda.

Petroli ya vidumu ya njia ya Sikonge kwenda Mpanda ipimwe kwa macho. Toa kidogo kwenye chupa safi isiyo na rangi, iache dakika kumi. Maji hukaa chini na mstari wake unaonekana. Yakiwepo, kuendelea kupiga stata ni kuyapeleka kwenye nozeli, tangi limwagwe.

Dizeli nayo hugoma ikiingiza hewa. Kwenye Land Cruiser za pampu ya zamani, bomba la mkono juu ya filta likipigwa mpaka liwe gumu mara nyingi inatosha. Zile za komoni reli, yaani dizeli za kisasa za presha kubwa, msifungue nati za nozeli kwa mtindo wa zamani. Presha yake hupita baa 1,000 na inatoboa ngozi.

Kwa wauza betri wa mjini nina ombi. Mita ikae kaunta. Betri mpya ipimwe mbele ya mteja, na isiyofika 12.4 ichajiwe kabla ya kutoka dukani. Mteja anayeleta ya zamani, ipimwe nayo, na volti zake tatu ziandikwe nyuma ya risiti: ya kupumzika, ya wakati wa stata, ya chaji. Ikisoma vizuri, arudishwe kwa fundi wake.

Fundi umeme wa magari,
Isevya, Tabora