Wangari Maathai hakupanda miti tu

Mhariri,

Mwanangu wa gredi ya saba amenisomea insha yake kuhusu Wangari Maathai: alipanda miti, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Basi!

Mbona tunawapa watoto nusu ya habari? Mwaka 1989 mama huyu alipinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Wabunge walimkejeli, lakini jumba halikujengwa. Mwaka 1992 aliketi bustani hiyohiyo na akina mama waliogoma kula wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Polisi walipowavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi, baadhi ya wazee hao walivua nguo mbele yao. Uzito wa laana hiyo sina haja ya kumweleza Mkenya. Wangari mwenyewe alipigwa hadi akazirai. Na mwaka 1999, alipopasuliwa kichwa akitetea msitu wa Karura, alikwenda polisi akaitia sahihi taarifa yake kwa damu iliyokuwa ikimtoka.

Waandishi wa vitabu vya kiada, hayo nayo yaandikeni. Watoto wa gredi ya saba si wachanga kiasi hicho.

Mzazi,
Nakuru