Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini: ripoti za ukaguzi zitundikwe langoni

Kwako Mkurugenzi wa Huduma za Usalama na Afya Kazini,
Wizara ya Kazi, Nairobi.

Mheshimiwa,

Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi hapa Mombasa. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka ishirini, kwenye viwanda vya barafu, maghala ya samaki na vyumba vya kugandishia nyama. Nakuandikia kwa sababu ya karatasi moja niliyoiona kwa kuchelewa.

Ilikuwa zamu ya asubuhi, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja, na tulikuwa tukitoa mafuta kwenye tangi la amonia, ile gesi inayozungushwa mitamboni kuleta baridi. Kompresa, mashine inayoishindilia gesi hiyo, hutema mafuta kidogo kidogo, yakazunguka pamoja na amonia, na kwa kuwa ni mazito zaidi hutuama chini ya tangi. Yasipotolewa, baridi hupungua. Kwa hiyo kila baada ya muda mtu huinama pale chini na ndoo, akafungua vali, mafuta yakachuruzika meusi. Hatari iko pale yanapokwisha, kwani nyuma yake kuna amonia yenyewe. Ndiyo maana kuna vali ya springi: ukiiachilia tu, inajifunga. Bei yake haifikii bei ya tani moja ya samaki. Sisi tulikuwa na vali ya kuzungusha, gurudumu lake lilishavunjika, na tukiifungua kwa spana.

Aliyeshika spana siku hiyo alikuwa kijana wa kibarua, mwenye miezi minne kazini. Mafuta yalikwama, akaongeza nusu mzunguko, yakafyatuka, na amonia ikafuata. Watu wengi wanajua kwamba gesi hii ni nyepesi kuliko hewa, wakadhani itapaa iende zake. Ikitoka ingali majimaji, kwa baridi ya nyuzi 33 chini ya sifuri, hutambaa sakafuni kama ukungu mweupe, na ndani ya ukungu huo huuoni hata mkono wako mwenyewe. Spana ilimponyoka. Nilichukua barakoa ya gesi iliyokuwa ukutani, nikavuta pumzi moja nikajua kwamba chujio lake limekufa. Nikaivua, nikabana pumzi, nikaenda kufunga vali kubwa ya juu kwa kupapasa. Tulipomfikisha yule kijana kwenye bomba la kuoshea macho, nikavuta mnyororo. Hakikutoka kitu. Macho yaliyoingiwa na amonia yanataka maji mengi yasiyokatika, robo saa kwa uchache. Tulimwosha kwa kopo, tukichota kwenye pipa la kunawia miguu, naye akimwita mamake.

Alipona, ila jicho la kushoto halioni tena. Sasa anauza mahamri.

Wiki mbili baadaye nilikuwa ofisini nikitafuta mchoro wa mabomba, nikakuta faili. Ndani yake mlikuwa na ripoti ya ukaguzi, ya miezi saba kabla. Ukurasa wa pili uliandika: vali ya kutolea mafuta ibadilishwe, iwekwe inayojifunga yenyewe, bomba la kuoshea macho halina maji, machujio ya barakoa yamepitwa na muda. Nilisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi. Mkaguzi alikuwa amefanya kazi yake, tena vizuri. Aliona kila kitu kilichokuja kutuumiza. Lakini aliwaandikia watu ambao hawainami chini ya lile tangi.

Mheshimiwa, ombi langu ni hili: kila ripoti ya ukaguzi, na kila amri ya kurekebisha kasoro au kusimamisha kazi, itundikwe kwenye lango la kiwanda ndani ya siku 7, kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka, na kuing'oa kuwe ni kosa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 tayari inamtaka mwajiri atundike muhtasari wa sheria hiyo mahali pa kazi. Kwetu ulikuwapo, kwenye fremu, kwa Kiingereza. Tulijua kwamba kuna sheria. Tusichokijua ni kwamba vali yetu inaivunja.

Hili si la wafanyakazi peke yao. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, pale Mradi, Embakasi, lori la gesi lililipuka katikati ya makazi ya watu. Watu wakafa, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Kesho yake taifa zima likasikia kwamba mamlaka ya nishati, EPRA, ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo mara tatu, Machi, Juni na Julai 2023. Sababu mojawapo ilikuwa wingi wa watu wanaoishi karibu. Baadaye ikajulikana pia kwamba mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikuwa imetoa leseni kinyume cha utaratibu, na maafisa wake wakasimamishwa kazi. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Karatasi ya kukataa iliandikwa kwa ajili ya usalama wa majirani, na majirani ndio waliolala hapo bila kuijua. Mama mwenye chumba cha kupanga ukuta kwa ukuta na mitungi ile angeisoma langoni, angekuwa na la kumuuliza chifu.

Hapa kwetu Mombasa, kwenye mtaa wa Owino Uhuru, watu walivuta moshi wa madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichoanza 2007 na kufungwa 2014. Fidia yao ya shilingi bilioni 1.3 ilibidi ipiganiwe hadi Mahakama ya Juu, Desemba 2024. Kuna watoto waliozaliwa na kukua ndani ya kesi hiyo.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa baridi, Bhopal hainitoki moyoni. Usiku ule wa Desemba 1984 nchini India, tangi la kiwanda cha dawa za wadudu lililomwaga takriban tani 40 za sumu lilikuwa na mtambo wake wa kulipoza, na mtambo huo ulikuwa umezimwa miezi kadhaa kabla. Ukaguzi wa kampuni yenyewe, wa 1982, ulikuwa umeorodhesha kasoro nyingi za kiwanda. Waliolala kwenye vibanda nje ya ukuta hawakuwa wameambiwa hata kufunika uso kwa kitambaa kibichi.

Najua wakaguzi wako ni wachache na viwanda ni vingi. Najua pia kwamba sehemu nyingine ujio wao hujulikana mapema: nimeshawahi kuambiwa nipake rangi ya manjano sakafuni jioni, na vibarua wasije kesho. Karatasi iliyo langoni haipakwi rangi. Ikisema bomba la macho halina maji, kila anayeingia zamu anaweza kuvuta mnyororo akahakikisha.

Wenye viwanda watasema hizo ni siri za biashara. Vali mbovu si siri ya biashara. Mama wa kibanda cha chai hutundika leseni yake ukutani ili mteja aione, naye hana tangi la amonia. Katiba yetu, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na tangu 2016 iko sheria ya kuitekeleza haki hiyo. Lakini ili niombe ripoti, kwanza nijue kwamba ipo. Yule kijana angejuaje?

Palipo na amonia, klorini au gesi ya kupikia kwa wingi, nakala nyingine ipelekwe kwa chifu na kwa mzee wa mtaa. Na mkaguzi anapomaliza, azungumze na kamati ya usalama ya wafanyakazi wenyewe kabla hajapanda gari, asiishie kwa meneja.

Nakala ya barua hii nitaileta kwa mkono ofisini kwenu hapa Mombasa, Jumatatu asubuhi kabla ya zamu. Naomba nigongewe muhuri wa kupokelewa.

Wako,
Fundi wa mitambo ya baridi,
Changamwe, Mombasa.