Rubani asiyeweza kuinama

Mhariri,

Nimekuwa muuguzi wa gari la wagonjwa kwa miaka 19, na makala zenu za historia ya vita huzisoma hadi mstari wa mwisho. Ila kila mnapofika Vietnam nakutana na majenerali, mabomu na siasa. Marubani wa helikopta za Marekani waliokuwa wakiingia kwenye risasi kwenda kumtoa majeruhi siwaoni. Naomba nafasi kidogo niwasemee.

Usiku mmoja nilisafiri nyuma ya gari nimekandamiza paja la kijana aliyekatika mshipa mkubwa wa damu. Vidole vyangu viwili vilikuwa ndani ya jeraha, na nilijua nikivitoa tu, amekwenda. Jasho liliniingia machoni, sikuwa na mkono wa kujifuta. Tangu usiku ule nimewaelewa marubani hawa kwa namna ambayo kitabu hakikuwahi kunifundisha, maana rubani wa helikopta naye mikono yake haiko huru. Wa kushoto umeshika wenzo wa kupandisha na kushusha chombo, wa kulia umeshika usukani, na miguu yote miwili iko kwenye pedali za kugeuzia mkia. Helikopta ikiwa inaelea futi chache juu ya majani, kiungo kimoja kikilegea, chombo kinayumba. Sasa risasi zinakuja. Hawezi kuinama wala kujibu. Askari aliye chini walau ana shimo la kujibanza. Yeye mbele yake ana kioo, na anatakiwa atulie hivyohivyo mpaka sauti ya nyuma imwambie mtu ameshapakiwa.

Vita vya Korea helikopta nyingi za majeruhi zilikuwa ndogo, machela ikifungwa nje, kwa hiyo majeruhi alisafiri bila mtu wa kumgusa. Vietnam ilikuja helikopta kubwa zaidi iitwayo Huey, ambayo machela huingia ndani, na mganga akaweza kuzuia damu na kutundika dripu wakiwa angani. Kwetu sisi wa kazi hii hilo si jambo dogo hata kidogo. Wengi waliofika hospitali hai walifika kwa sababu mtu alikuwa amepiga magoti pembeni yao njia nzima.

Jina la Dustoff, ambalo vikosi vya helikopta za kutoa majeruhi viliitwa redioni, lilipata uzito wake kwa Meja Charles Kelly, rubani na kamanda wa kikosi kimoja. Wakubwa walitaka helikopta zake zifanye na shughuli nyingine. Alikataa katakata, akisema ni za majeruhi. Julai 1, 1964, alitua penye mapigano, walioko chini wakamwambia kwa redio aondoke, hali ni mbaya. Akawajibu kwamba ataondoka akishawapata majeruhi wao. Risasi ilipitia mlango uliokuwa wazi ikampiga moyoni. Nimeyasoma majibu yake hayo mara nyingi, na kila mara naona ni majibu ya mtu aliye kazini.

Mmoja wa marubani waliokuwa chini yake, Patrick Brady, Januari 6, 1968, aliitwa kwenye bonde lililofunikwa na ukungu mzito karibu na Chu Lai. Alishuka taratibu, akaigeuza helikopta ubavu ili upepo wa mapanga yake yanayozunguka usukume ukungu, akawa anafuata njia ya miguu chini yake. Siku hiyohiyo alitua kwenye uwanja uliotegwa mabomu ardhini. Moja likalipuka na kuwajeruhi wenzake wawili ndani ya chombo. Alitumia helikopta tatu, maana zilikuwa zikiharibiwa naye anabadilisha. Jioni alikuwa ametoa watu 51.

Ila anayenikaa rohoni ni Michael Novosel. Alikuwa luteni kanali wa akiba katika Jeshi la Anga la Marekani. Alipoambiwa umri umepita, akakubali cheo cha chini jeshi la nchi kavu ili aruke. Oktoba 2, 1969, akiwa na miaka 47, aliwafuata askari wa Vietnam Kusini waliozingirwa karibu na mpaka wa Kambodia, bila ndege ya kumlinda. Alifukuzwa kwa risasi mara sita, na mara zote sita alizunguka akaingia kwa upande mwingine. Majeruhi mmoja alikuwa amelala karibu kabisa na handaki la adui. Novosel alimwendea kinyumenyume, akitanguliza mkia. Mtu akiwa anavutwa ndani, risasi za karibu zikamjeruhi rubani, helikopta ikamponyoka kwa nukta chache, akaishika tena, akapaa. Watu 29 walitoka hai kwa mara 15 alizoingia kuwachukua siku ile.

Mara ya kwanza mtu anaweza kwenda kwa kutojua. Mara ya saba anajua kila kitu, na bado anageuza chombo kurudi.

Basi, Mhariri, tengeni ukurasa mmoja wa Jumapili kwa ajili yao. Na mkiuandika, msiishie kwa marubani. Andikeni pia habari za mganga na fundi wa helikopta, wale wawili wa nyuma waliokuwa wakiruka chini kwenye matope kumbeba mtu, na za rubani wa pili, aliyekaa njia nzima na mikono karibu na usukani, asiuguse, akisubiri kama mwenzake atapigwa.

Muuguzi, msomaji wenu