Barua kwa mwanangu: Walikuwapo waliowajibu

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka Karagwe; nyumbani sote hatujambo. Nimeusoma ujumbe wako kuhusu somo la falsafa, pale unaposema kwamba mwenzako alidai darasani kuwa haifai kumlaumu Hegel, yule mwanafalsafa wa Kijerumani, kwa aliyoyasema juu ya Waafrika, kwani watu wote wa karne ya 19 walifikiri hivyo. Utetezi huo nimeusikia tangu ujana wangu. Unapendeza kwa sababu unaonekana kuwa wa haki kwa wafu, lakini unakosea historia yenyewe.

Hegel alitoa mihadhara yake juu ya falsafa ya historia huko Berlin, nayo ilichapishwa mwaka 1837, yeye akiwa ameshafariki. Humo alitamka kwamba Afrika si sehemu ya historia ya dunia, akaiweka kando na kuendelea na Asia. Hakuwahi kukanyaga bara hili. Alichokijua alikipata katika maandishi ya wamisionari na wasafiri. Lakini kabla ya kwenda Berlin alifundisha Heidelberg, kuanzia 1816 hadi 1818, na katika chuo hichohicho alikuwapo profesa wa anatomia aliyeitwa Friedrich Tiedemann, ambaye baadaye aliamua kulichunguza dai la uduni wa akili ya Waafrika kwa mikono yake mwenyewe.

Tiedemann alichukua mafuvu ya watu wa mabara mbalimbali, akalipima kila moja likiwa tupu, akalijaza nafaka ndogo kavu ya jamii ya ulezi kupitia tundu linalopitisha uti wa mgongo, kisha akalipima tena, ili tofauti ya uzito imwonyeshe nafasi ambayo ubongo ulikuwa nayo. Matokeo yake yalitoka mwaka 1836 katika jarida la Royal Society, chama cha wanasayansi cha London: hakuona tofauti yoyote ya msingi kati ya ubongo wa Mwafrika na wa Mzungu. Mimi siamini kwamba utu wetu ungepungua hata kama mafuvu yetu yangebeba ulezi mchache zaidi, lakini kwa kipimo walichokichagua wasomi wa Ulaya wenyewe, yaani ukubwa wa ubongo, jibu lilikuwa limeshapatikana, tena limechapishwa mahali ambapo hakuna msomi wa Ulaya angeweza kusema hakuliona.

Hawakulitaka. Mwaka 1863, katika mkutano wa chama cha wanasayansi wa Uingereza uliofanyika Newcastle, James Hunt, aliyekuwa ameanzisha Jumuiya ya Anthropolojia ya London mwaka huohuo, alisoma makala yake kuhusu nafasi ya mtu mweusi katika maumbile. Alidai kuwa kumtenga Mwafrika na Mzungu kama spishi mbili kuna msingi uleule wa kumtenga punda na punda milia. Humo ukumbini alikuwamo William Craft, mtu aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, na kutoroka mwaka 1848 pamoja na mkewe Ellen, ambaye kwa weupe wa ngozi yake alivaa mavazi ya kiume na kujifanya bwana, mumewe akijifanya mtumwa wake. Craft aliinuka akasema kwamba ingawa si Mwafrika wa damu tupu, weusi wake unatosha kumruhusu kusema machache. Kuhusu hoja kwamba fuvu la Mwafrika ni nene mno, alieleza kuwa Mungu amewapa Waafrika mafuvu manene ili yawakinge na jua, vinginevyo bongo zao huenda zingekuwa kama za wanasayansi wengi wa siku hizi. Napenda sana jibu hilo, kwa sababu halina hata chembe ya kuomba kuhurumiwa.

Mwaka huohuo ndipo kilipotoka kitabu cha mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, na hapa jambo linafika mlangoni kwetu. Speke alikaa katika ikulu ya Mukama Rumanika, mfalme wa hapa Karagwe, kuanzia mwishoni mwa 1861, akatendewa ukarimu wa kifalme, na utaratibu wa utawala aliouona hakuweza kuamini kwamba ni wa Waafrika wenyewe. Basi akaandika kwamba watawala wafugaji wa eneo hili ni uzao wa wavamizi kutoka Uhabeshi, akamweleza hata mwenyeji wake hivyo, na nadharia hiyo, iliyokuja kujulikana kama ya Wahamiti, ikarithiwa na wamisionari na maofisa wa kikoloni. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji, waliotawala Rwanda na kuwahesabu Watutsi kuwa uzao huo wa wageni, waliandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa katika vitambulisho vya Wanyarwanda. Na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, vitambulisho vya namna hiyo vilitumika kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani auawe. Sisemi kwamba Speke aliua mtu Rwanda. Nasema dhana aliyoitoa kichwani mwake iliendelea kufanya kazi miaka mingi baada yake.

Kwa hiyo usimwache mwenzako na neno lake la "wote". Hegel msome, tena umsome vizuri, kwani huwezi kumjibu mtu ambaye hukumwelewa. Kisha tafuta maktabani makala ya Tiedemann, na kitabu alichokichapisha Anténor Firmin wa Haiti huko Paris mwaka 1885 kuhusu usawa wa jamii za binadamu, kilichoandikwa na mwanachama mweusi wa Jumuiya ya Anthropolojia ya jiji hilo kuwajibu wanachama wenzake. Kama wanacho kwa Kifaransa pekee, niandikie, nitasaidia kutafsiri sura za mwanzo.

Ni mimi mzazi wako,
Baba